Tone la Jicho na Dhamana Yake



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Vyumba vingi vya hosteli zetu hapa Uganda vina kichupa cha dawa ya macho kilichobaki nusu. Kiko juu ya rafu ya vitabu, au ndani ya begi pamoja na mswaki. Mwenye nacho alishapona siku nyingi, lakini hakitupi kwa sababu kilimgharimu pesa. Likizo ikifika anakwenda nyumbani, anamkuta mtoto wa dada yake ana macho mekundu yaliyojaa matongotongo, na kichupa kinatoka begini. Yeye ndiye msomi wa familia, nani atamhoji?

Mas'ala yetu leo ni hii: ukimtilia mtoto mdogo dawa ya antibiotiki ambayo hakuihitaji, umemdhuru nani, na dhamana ni ya nani? Ukiwauliza wanafunzi wengi wa fiqhi watajibu upesi kwamba kama mtoto hakupata madhara, hakuna dhamana. Mimi naona jibu hilo limeacha nusu ya mas'ala, na nusu iliyoachwa ndiyo nzito zaidi. Wanazuoni wa usuli wanatufunza kuwa hukumu ya jambo hufuata kulielewa kwanza jambo lenyewe. Kwa hiyo ndugu zangu wa kitivo cha tiba watuvumilie tukipita kidogo katika shamba lao, na sisi wa Sharia tusiruke kurasa kwenda moja kwa moja kwenye dalili.

Jicho jekundu si ugonjwa mmoja

Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yalienea Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, kisha yakaingia huku kwetu Uganda. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya dawa. Ugonjwa ule uliletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Aina hii ya ugonjwa ilielezwa kwa mara ya kwanza Ghana mwaka 1969, mwaka ule binadamu alipotua mwezini, ndiyo maana huko Afrika Magharibi waliuita Apollo. Huja kwa kishindo, huambukiza nyumba nzima, kisha huondoka wenyewe. Aliyetumia matone ya antibiotiki siku ya tatu akapona siku ya saba alidhani dawa imemponya, na ushuhuda wake ukamfikisha jirani dukani.

Kwa watoto wadogo, ni kweli kwamba bakteria wana sehemu kubwa kuliko kwa watu wazima. Wanaojulikana zaidi ni Haemophilus influenzae, pneumokoka na stafilokoka. Usaha ni mzito, kope zinashikana asubuhi mtoto akiamka. Hapa mtu atasema: basi antibiotiki inafaa. Tazama utafiti uliofanywa Oxford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2005. Watoto 326 wenye maambukizi ya macho waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa matone ya kloramfenikoli, jingine matone yasiyo na dawa yoyote. Siku ya saba, waliopona katika kundi la dawa walikuwa asilimia 86. Katika kundi lisilo na dawa walikuwa asilimia 83. Tofauti ni ndogo mno, ingawa wengi wa watoto wale walikuwa na bakteria kweli. Jicho lina ulinzi wake aliouumba Allah: machozi yanayosafisha na yenye vimeng'enya vinavyovunja kuta za bakteria, na kope zinazofagia mchana kutwa.

Utafiti ule haukuwahusu watoto wachanga, nao ni watu wengine kabisa.

Mtoto wa siku tatu

Mtoto anayezaliwa na mama mwenye kisonono anaweza kuambukizwa macho akipita njia ya uzazi. Dalili huanza kati ya siku ya pili na ya tano: kope zinavimba hadi jicho halifunguki, usaha unatoka kwa wingi. Bakteria huyu anaweza kutoboa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa muda wa siku moja au mbili. Klamidia huchelewa zaidi, mara nyingi baada ya siku ya tano. Nalitaja hili bila haya kwa sababu mama anaweza kuwa mwaminifu kabisa katika ndoa yake, asijue kwamba ana ugonjwa, na asiwe na dalili hata moja. Anayemwona mtoto mchanga ana usaha machoni akaanza kumfikiria mama vibaya ameacha kazi iliyopo na kushika dhana. Kazi iliyopo ni kumfikisha mtoto hospitali siku hiyo hiyo.

Zamani ugonjwa huu ulipofusha watoto wengi Ulaya. Mwaka 1881 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alichapisha njia yake ya kumtilia kila mtoto anayezaliwa tone la maji ya nitreti ya fedha. Katika wodi yake maambukizi yalishuka kutoka karibu mtoto 1 kati ya 10 hadi chini ya 1 kati ya 100. Baadaye nitreti ya fedha, ambayo huchoma macho, iliachwa sehemu nyingi ikaja mafuta ya tetrasaiklini, yale ambayo mkunga humpaka mtoto baada tu ya kuzaliwa.

Kwa mtoto ambaye tayari ameugua, mambo hayakuwa mepesi. Penisilini ilitibu kisonono kwa miongo mitatu. Mwaka 1976 zikaripotiwa aina za bakteria huyu zenye kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijafanya kazi. Nairobi, miaka ya 1980, madaktari walikuta sehemu kubwa ya watoto wachanga wenye kisonono cha macho wamebeba aina hiyo. Mwaka 1986 walionyesha kwamba sindano moja ya seftriaksoni inatosha kuwaponya. Kisha wagonjwa watu wazima wakahamishiwa siprofloksasini, dawa ya kumeza, nayo ikachakaa: leo sehemu kubwa kabisa ya kisonono kinachopimwa Kampala haisikii siprofloksasini. Imebaki seftriaksoni. Na mwaka 2009, Kyoto nchini Japani, ilipatikana aina iliyoishinda hata hiyo.

Kwa hiyo mtoto wa siku tatu anayefikishwa usiku kwenye kituo cha afya yuko mbele ya rafu ambayo kila kizazi kimeondoa chupa moja. Hajawahi kutumia dawa hata siku moja. Waliozitumia ni sisi.

Usugu unavyopatikana

Watu husema "mwili umezoea dawa". Mwili haukuzoea chochote. Aliyebadilika ni bakteria. Katika mamilioni ya bakteria walio kwenye kope na puani mwa mtoto, wachache huwa na hitilafu katika maelekezo yao ya kurithi inayowawezesha kuhimili dawa fulani. Wengine wana kimeng'enya cha kuikata. Wengine wamebadilisha umbo la mahali ambapo dawa ingeshika. Wengine wana pampu inayoitoa nje dawa kila inapoingia. Siku za kawaida hawa wachache hawana faida, wanasongwa na wenzao. Ukitia antibiotiki umewaua majirani zao wote na kuwapa uwanja. Zaidi ya hayo, bakteria hupeana vipande vya maelekezo hayo, hata kati ya jamii mbili tofauti, kama wanafunzi wanavyopeana makaratasi ya mitihani ya zamani. Yule asiyedhuru anaweza kumpa silaha anayedhuru.

Mwingine atasema tone la jicho ni dogo, linabaki jichoni tu. Aliyewahi kutiwa dawa ya macho anajua ladha yake chungu kooni baada ya dakika chache. Kuna mfereji unaotoka kwenye pembe ya jicho hadi puani, na pua ya mtoto mdogo ndiyo makao ya pneumokoka, bakteria huyu huyu anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Hata juu ya jicho lenyewe athari imeonekana: utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa waliokuwa wakitiwa matone ya antibiotiki kila walipochomwa sindano ya jicho. Stafilokoka wa jicho lililotiwa dawa walikuwa sugu zaidi kuliko wa jicho la pili la mtu huyo huyo.

Dunia nzima, mwaka 2019, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria vilikadiriwa kuwa milioni 1.27. Hivyo havikutokana na macho, ni nimonia, damu na vidonda. Lakini bakteria hawana wizara zinazotengana kama sisi.

Dawa inapogawiwa kijiji kizima

Msomaji makini ataniuliza: mbona Wizara ya Afya imewahi kugawa azithromaisini kwa vijiji vizima, wagonjwa na wazima, huko Karamoja na Busoga, kwa ajili ya trakoma? Je, si kinyume cha unayosema?

Swali hili ndilo linalotenganisha anayekariri na anayefahamu. Trakoma, au vikope, huletwa na klamidia inayopita kati ya watoto kwa mikono, nguo na nzi. Mtoto akiambukizwa mara nyingi kope hujikunja ndani, nywele zake zinakwangua konea miaka na miaka, na akiwa mtu mzima anapofuka, zaidi wanawake kwa kuwa wanakaa na watoto. Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imeiondoa kama tatizo la afya ya jamii. Malawi ilifuata mwaka 2022, na jirani zetu Burundi mwaka 2025. Dawa hiyo ilichangia sana, pamoja na upasuaji, kunawa uso na vyoo.

Gharama yake haikufichwa. Katika jamii za wenyeji wa asili kaskazini mwa Australia, watoto walipopewa azithromaisini kwa ajili ya trakoma, usugu katika pneumokoka wa puani ulipimwa. Kabla ya dawa, karibu asilimia 2 ya watoto walikuwa na aina sugu. Baada ya wiki mbili tatu, miongoni mwa waliobeba pneumokoka, zaidi ya nusu walikuwa na aina sugu. Baada ya miezi 6 bila dawa ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 6. Klamidia ya trakoma yenyewe imebaki inasikia dawa. Basi hapo kuna ugonjwa unaojulikana, dawa inayoufikia, watu wanaopima kabla na baada, na muda wa kusimamisha. Hiyo ndiyo maslaha na mafsada kuwekwa kwenye mizani na mwenye mamlaka na ujuzi. Kichupa cha begini hakina mizani yoyote.

Tena usisahau kwamba habari ya Australia ina bishara ndani yake. Dawa ikiachwa, wale wadhaifu waliosongwa hurudi. Haiwi hivyo kila mara wala kwa kila bakteria, lakini mlango haujafungwa.

Dhamana

Turudi kwenye fiqhi. Katika Sunan za Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kujitia utabibu, naye hajulikani kwa ujuzi wa tiba, anabeba dhamana ya madhara. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H) ameieleza hadithi hii kwa urefu na kuwagawa wanaotibu katika mafungu. Tabibu hodari aliyeipa kazi haki yake na mkono wake haukukosea, hana dhamana hata kama madhara yametokea. Mjinga aliyemghuri mgonjwa, akamfanya adhani kuwa anajua, ana dhamana. Lakini kama mgonjwa alijua kwamba huyu si tabibu, na bado akamruhusu, Ibn al-Qayyim anaona hakuna dhamana, kwa sababu hakuna aliyedanganywa.

Wengi hujificha kwenye fungu hili la tatu. Dada anajua kwamba ndugu yake anasoma uchumi. Yeye ndiye walii wa malezi ya mtoto pale nyumbani, na ameridhia. Mambo yameisha.

Hayajaisha. Ridhaa inaondoa dhamana kwa yule aliyeridhia, katika haki iliyo yake. Mama anaweza kuridhia kwa niaba ya mwanawe. Hana mamlaka ya kuridhia kwa niaba ya mtoto wa nyumba ya pili, anayecheza na mwanawe kwenye mkeka mmoja na kupokea kutoka puani kwake bakteria waliochujwa na dawa. Wala hakuna aliyemwuliza mama wa yule mtoto wa siku tatu. Kanuni ya kutodhuru, iliyopokewa katika hadithi na kujengewa milango mingi ya fiqhi, haiishii kwa anayeguswa na mkono wako. Mafaqihi walizungumzia anayechimba kisima njiani, na anayewasha moto shambani kwake siku ya upepo mkali ukavuka mpaka. Sioni tofauti ya msingi, isipokuwa moja: moto una mwenyewe, unaweza kumfuata kwa kadhi. Usugu una mikono elfu nyingi, na hakuna kadhi atakayejua ni tone la nani.

Kwa sababu hiyo sidai kwamba tunaweza kumlipisha mtu diya kwa kutia tone la jicho. Dhamana ya mahakamani inataka sababu inayothibitishwa, na hapa haithibitiki. Ninachosema ni kwamba kukosekana kwa hukumu ya kadhi hakuleti uhalali. Yapo mengi yanayobaki kati ya mja na Mola wake kwa sababu tu hayana shahidi.

Ipo na njia ya pili, ambayo wazee wetu waliitumia: kuzuia kabla. Ash-Shayzari, aliyeandika katika karne ya 12 kitabu cha kumwongoza muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko, ameweka mlango unaowahusu matabibu wa macho. Kwa Kiarabu wanaitwa kahhaalun, kutokana na kuhl, wanja. Muhtasibu alitakiwa kuwatahini kwa kitabu cha Hunayn ibn Ishaq kuhusu maradhi ya jicho: tabaka za jicho, maradhi yake na mchanganyiko wa dawa. Aliyefaulu aliruhusiwa. Ama wale wa njiani, wanaotembea na dawa zao mkobani, alitahadharisha wasiaminiwe. Hunayn mwenyewe alikuwa Mkristo wa Baghdad, na hilo halikuwazuia Waislamu kufanya kitabu chake kuwa mtihani. Kilichotazamwa ni ujuzi.

Leo kazi ya muhtasibu huyo inafanywa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na duka dogo la dawa mtaani haliruhusiwi kuuza kila kitu kilichoko famasi. Tukimsihi muuzaji atupe antibiotiki bila karatasi ya daktari, sisi ndio tunaomvunjia muhtasibu fimbo yake. Kuna na matone yaliyochanganywa antibiotiki na dawa ya steroidi, yanayopendwa kwa sababu wekundu hukatika haraka. Kama jicho lina kidonda cha virusi vya herpesi au fangasi, steroidi inalaza maumivu huku konea inaliwa.

Sanduku letu la dawa

Jumuiya zetu zina safari za daawa vijijini, na mara nyingi tunabeba sanduku la dawa. Ni sunna njema. Lakini nimeona katika orodha za manunuzi matone ya gentamaisini yakiandikwa pamoja na dawa za minyoo, kana kwamba yeyote aweza kuyagawa. Maoni yangu ni kwamba yatoke kwenye sanduku, isipokuwa kama yupo mhudumu wa macho mwenye leseni atakayemtazama kila mtoto mwenyewe. Sadaka ya dawa isiyo mahali pake haigeuki kuwa sahihi kwa sababu ni sadaka.

Kwa mtoto aliyepita mwezi mmoja, anayecheza, anayefungua macho kwenye mwanga na hana maumivu, tufundishe maji safi yaliyochemshwa yakapoa, pamba mpya kwa kila jicho, kufuta kutoka upande wa pua kwenda nje, na taulo lake peke yake. Akina mama wengine hutia maziwa ya kifua, wengine chai ya rangi, na wapo wanaopaka wanja. Waambieni kwa upole. Wanja nyingi za madukani zina madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto, na hadithi za wanja wa ithmid hazikumtaja mtoto mchanga mwenye usaha.

Na kwa wafuatao hakuna kusubiri wala kunawisha: mtoto wa chini ya siku 28 mwenye usaha wowote, jicho lenye doa jeupe, kope zilizovimba hadi kufunga, mtoto anayekimbia mwanga, aliyeumizwa na kijiti, na mwenye surua au aliyetoka kuugua surua, ambaye anahitaji pia vitamini A. Hawa wanapelekwa siku hiyo. Antibiotiki ni haki yao, na daktari akiiandika imalizwe kama alivyoiandika, mama asiambiwe na mwanafunzi wa jumuiya kwamba dawa hizi ni mbaya.

Pesa za matone tulizozitoa kwenye orodha zinunue sabuni, tochi ndogo, na nauli ya bodaboda ya mama mmoja kwenda na kurudi kituo cha afya. Kwa vichupa vya hostelini, matone ya macho kwa kawaida hayazidi siku 28 baada ya kufunguliwa. Msimwage kwenye sinki. Yarudisheni famasi au kliniki ya chuo iliyo tayari kuyapokea.

Wallahu a'lam.